Buibui wa nyumbani msimu wa baridi: umwache, umhamishe, umfagie au umpulizie dawa?

Jumapili moja ya Julai, saa mbili usiku, binti yangu wa miaka sita aligoma kuingia msalani. "Mama, bado yuko." Aliyekuwa bado yuko ni buibui wa miguu mirefu, myembamba kama nywele, aliyejining'iniza kichwa chini kwenye kona ya dari. Alikuwa pale tangu Mei na mimi nilishamzoea. Mama yangu, aliyekuwa amekuja Nairobi kututembelea kutoka Mombasa na kuishia kuvaa soksi mbili mbili, alisikika kutoka sebuleni: "Msimuue huyo, mwanangu. Huyo ana heshima yake." Mume wangu naye alikuwa ameshachukua kopo la dawa. Binti hakutaka auawe wala hakutaka aendelee kukaa pale. Alitaka ahame, basi.

Kwa hiyo usiku ule tulikuwa na maoni tofauti kwenye nyumba ya vyumba viwili. Tangu hapo nimejaribu njia nne (kumwacha, kumhamisha, kufagia tando na kupiga dawa), nyingine kwa hiari na nyingine kwa kuzidiwa kura, na haya ndiyo niliyoyaona pamoja na yale yanayojulikana kuhusu wanyama hawa. Ikiwa nyumbani kwenu mmekwama kwenye mjadala huo huo, huenda yakawasaidia kuamua.

Kabla ya kuchagua: anakula nini, na baridi inamfanya nini

Swali la binti yangu lilikuwa zuri kuliko ya sisi wakubwa: "Kwani huko juu anakula nini?" Buibui wa nyumbani ni wawindaji. Hawagusi ugali, sukari, nguo wala mbao. Wanakula mbu, nzi, nondo wadogo, sisimizi, nyenje, mende wachanga, na mara nyingi wanakulana wenyewe kwa wenyewe. Buibui hana meno ya kutafunia. Humuuma windo lake, sumu ikamlegeza, kisha humtemea maji ya kumeng'enya mpaka nyama ya ndani igeuke uji, naye akaunyonya. Linalobaki ni ganda. Baadhi ya zile chembe nyeusi sakafuni, chini ya kona yenye utando, ni maganda hayo. Ukitaka kujua wako anakula nini, fagia chini yake leo, halafu kaangalie tena baada ya wiki moja. Chini ya yule wa msalani kwetu nilikuta mabawa ya mbu na vile vijinzi vidogo vyenye manyoya vinavyotoka kwenye mfereji wa bafu.

Si wote wanaowinda kwa namna moja, na hilo lina maana katika kuchagua. Huyu wa miguu mirefu hutanda wavu wa ovyo ovyo kwenye kona ya dari. Nyuzi zake hazina gundi. Mdudu hujitatiza mwenyewe, kisha buibui humrushia nyuzi zaidi kwa miguu ya nyuma akiwa mbali kidogo, na kumuuma baadaye. Ukimgusa hutikisa utando wote kwa kasi hata usimwone vizuri. Mrukaji ni mfupi, mnene kidogo, mwenye macho mawili makubwa mbele kama taa za gari. Utamwona mchana dirishani akimnyatia nzi kama paka. Buibui bapa hukaa nyuma ya kalenda, fremu au pazia, hutoka usiku, na mbio zake ndizo zinazowapigisha watu mayowe. Chini ya sinki na nyuma ya friji kuna mwingine, mviringo, ambaye nyuzi zake zinanata na hushuka mpaka karibu na sakafu. Huyo ndiye anayewanasa sisimizi na watoto wa mende.

Sasa baridi. Nairobi imekaa juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11. Mwili wa buibui hauna moto wake wenyewe. Kukiwa na baridi hutembea polepole, hukua polepole na hula kidogo. Anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuonja kitu, na wengine miezi, ilimradi apate maji. Ndiyo maana bafu na jikoni huwa makao yake. Kwa hiyo usidhani kwamba yule aliyetulia kona moja tangu Mei amekufa au ni mgonjwa. Anasubiri tu.

Kuna maneno kwamba buibui huingia ndani kuikimbia baridi. Maneno hayo mengi yametoka Uingereza na nchi nyingine za barafu, ambako mwisho wa kiangazi, kufikia Septemba hivi, buibui dume huanza kuzurura wakitafuta majike, na watu wakawakuta kwenye zulia na kwenye beseni la kuogea. Hata huko wengi wao huwa wameishi ndani ya nyumba maisha yao yote. Hapa kwetu jambo lenyewe ni jepesi zaidi: Julai tunafunga madirisha, tunajikunyata ndani na blanketi na chai, na tunaanza kuona kona ambazo Februari hatukuwa na muda nazo.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale: wadudu wengine ndani ya nyumba wanapungua au wanaongezeka, ni salama kiasi gani kwa watoto, wagonjwa na wanyama, inadai kazi na pesa kiasi gani, matokeo yanadumu muda gani, na je, watu wa nyumba hiyo wanalala kwa amani. Kigezo cha mwisho watu hukidharau, lakini usiku ule kwetu ndicho kilichokuwa na uzito kuliko vyote.

Kuhusu usalama, nianze na linalotisha. Karibu buibui wote unaowakuta ndani ya nyumba za Nairobi wana sumu ya kumlaza nzi, na wengi meno yao hata hayapenyi ngozi yetu vizuri. Yule wa miguu mirefu amesingiziwa kwamba ndiye mwenye sumu kali kuliko wote ila meno yake ni mafupi. Ni hadithi tu, haina msingi. Wa kuangaliwa zaidi ni mmoja: buibui wa kahawia mwenye tumbo la mviringo na alama ya rangi ya machungwa chini ya tumbo, yenye umbo la kioo cha saa ya mchanga. Hupenda sehemu kavu zisizoguswa, kama chini ya viti vya plastiki, kwenye vyuma vya dirisha kwa nje, kwenye choo cha uani, nyuma ya mitungi ya maua. Mfuko wake wa mayai ni rahisi kuutambua kwa sababu una vijimiba pande zote, kama kijipira chenye chunusi. Ni mwoga, na kwa kawaida huuma akibanwa tu, lakini anaumiza, na mtoto akiumwa ni vyema apelekwe hospitalini.

Kisha kuna kesi ya kusingiziwa. Malengelenge yale ya kuungua, yanayotokea shingoni au kwenye kunjo la kiwiko asubuhi, watu husema "buibui amenikojolea". Mara nyingi mhalifu ni Nairobi flai, ambaye si nzi wala buibui. Ni aina ya mbawakavu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayefuata taa hasa baada ya mvua. Hang'ati wala haumi. Ukimponda juu ya ngozi ndipo maji yake yanapokuunguza. Mpeperushe, usimpige kofi, na osha mahali hapo kwa sabuni. Nimeona nyumba nzima ikipigwa dawa ya buibui kwa kosa la mdudu huyu.

Njia ya kwanza: kumwacha alipo

*Wadudu wengine.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Buibui wa dari anafanya kazi usiku kucha bila kulipwa, na kwa kuwa hula pia buibui wenzake, idadi yao kwenye chumba kimoja hujidhibiti yenyewe. Lakini tusimpambe. Hamalizi mbu. Ukimwacha, bado utahitaji chandarua. Mbu wengi wa Nairobi ni wale wa maji machafu ya mitaro, na mtaro ukiwa nje ya dirisha lako hakuna buibui wa kuushinda.

Tukiwa hapo hapo, kuna buibui mmoja wa Kenya anayestahili sifa zake, ingawa haishi Nairobi. Kando ya Ziwa Victoria, kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Mbita, watafiti walimchunguza mrukaji mdogo aitwaye Evarcha culicivora, na kuanzia mwaka 2005 wakaandika kwamba kati ya mbu wengi huchagua jike aliyekwisha kunywa damu, hasa wa jamii ya Anopheles, ile inayobeba malaria. Yaani anaipata damu yetu kwa mkono wa pili. Baadaye, mwaka 2011, ikaonekana kwamba anavutiwa na harufu ya soksi zilizovaliwa kuliko soksi safi. Nilipomsimulia mama yangu hayo, alitazama soksi zake mbili mbili na kusema basi afadhali sisi hatukai ziwani.

*Usalama.* Hauweki kemikali yoyote nyumbani. Ila tu hakikisha unayemwacha si yule wa alama ya machungwa, na kung'uta viatu na nguo zilizokaa muda mrefu kabla ya kuvaa. Msimu wa baridi hilo ni muhimu zaidi, maana ndipo tunapotoa masweta na buti za mvua zilizolala tangu mwaka jana. Buibui huuma akibanwa, na ndani ya buti ndipo anapobanwa.

*Kazi na pesa.* Hakuna.

*Muda.* Wa miguu mirefu anaweza kuishi mwaka mmoja hadi miwili, kwa hiyo si mgeni wa siku mbili. Jike hubeba mayai yake mdomoni, yakiwa yamefungwa kwa nyuzi chache kama kifungu kidogo cha shanga, na siku yakianguliwa utaona vijibuibui kwenye kona yote. Wengi wao hawafiki mbali; wanakulana. Hata hivyo, kama huwezi kuyavumilia matokeo hayo, njia hii si yako.

*Amani ya nyumba.* Inategemea nani anakaa humo. Mama yangu kwake hili si la mjadala. Katika simulizi alilolelewa nalo, Mtume na Abubakar walipojificha pangoni Thaur, buibui alitanda wavu mlangoni na maadui wakapita. Na Sura ya 29 ya Kurani ina jina lake. Waislamu wengi wa Pwani na wa Eastleigh na Pangani hawamuui kwa sababu hiyo. Wengine wana imani zao: akishuka kwa uzi mbele yako, mgeni yuko njiani. Kwa upande mwingine, mtu anayetetemeka kwa hofu akimwona buibui haponi kwa kuambiwa kwamba buibui hula mbu.

Inawafaa waliozoea, wenye dari za juu, na wenye vyumba visivyotumika sana kama stoo na kibaraza.

Njia ya pili: kumhamisha

*Wadudu wengine.* Unampoteza mwindaji wa chumba hicho, lakini mahali ulipompeleka anaendelea na kazi. Ukimweka karibu na mlango wa nje au kwenye ngazi penye taa, atawakamata wengine kabla hawajaingia kwako.

*Usalama.* Mzuri, ukitumia gilasi na karatasi ngumu. Mfunike taratibu kwa gilasi ya kioo, pitisha jalada la daftari chini yake, geuza, toka naye. Miguu mirefu inakatika kirahisi, basi usiharakishe. Buibui bapa ni mgumu: mbio zake ni za pembeni na hazitabiriki, na karatasi yako itafika wakati yeye yuko upande wa pili wa kabati. Huyo mvizie asubuhi na mapema, baridi ikiwa bado imemshika. Ni faida mojawapo ya Julai.

*Kazi na pesa.* Pesa hapana. Kazi ndiyo, na mara nyingi inamwangukia mtu yule yule. Nyumbani kwetu ni mimi.

*Muda.* Wiki moja hadi mwezi, kwa niliyoyaona. Kona nzuri haikai wazi. Ikiwa wadudu wapo, mwingine atakuja.

Je, baridi ya nje itamuua? Kwenye nchi za barafu swali hilo ni zito, maana buibui aliyezoea ndani akitolewa usiku wa theluji ana nafasi ndogo. Nairobi hakuna barafu. Lakini wa miguu mirefu ni mnyama wa mapangoni na wa majengo, si wa majani. Ukimtupa kwenye nyasi zenye umande umemtupa tu. Mpeleke mahali pakavu penye paa: chini ya ngazi, gereji, kibanda cha mlinzi kwa ridhaa ya mlinzi. Mrukaji yeye hana shida. Mwache kwenye ua au kwenye mmea wa kibarazani.

*Amani ya nyumba.* Kwetu hii ndiyo iliyowapatanisha mama yangu na binti yangu kwa jioni moja. Mtoto alipewa kazi ya kushika tochi, akafuatana nasi mpaka chini ya ngazi, akamuaga. Kesho yake aliingia msalani peke yake.

Inawafaa wenye watoto, wasiotaka kuua, na wenye buibui mmoja au wawili wa kuwashughulikia. Ukiwa na ishirini, utachoka.

Njia ya tatu: kufagia tando

Watu wengi wakisema "buibui wamejaa" wanamaanisha tando. Hizo nyuzi nyeusi zinazoning'inia kama uzi wa sweta aghalabu ni tando zilizohamwa. Mwenyewe ameshasogea hatua mbili pembeni na kutanda upya. Zile za zamani zimebaki zikikusanya vumbi na moshi wa jikoni. Kwa hiyo unaweza kufagia nusu ya dari bila kumgusa buibui hata mmoja. Hilo sikulijua mpaka nilipopanda stuli na kuangalia kwa karibu.

*Wadudu wengine.* Ukifagia tando kuukuu tu, hakuna kinachobadilika, mwindaji yupo. Ukifagia kila kitu kila wiki, wa tando wanahama au wanapungua, na warukaji na bapa wanabaki kwa sababu wao hawategemei wavu wa kunasia. Si matokeo mabaya.

*Usalama.* Jihadhari na vumbi linalokudondokea machoni. Mwenye pumu ndani ya nyumba akae chumba kingine, na dirisha lifunguliwe hata kama kuna baridi. Kwenye madirisha ya nje na chini ya viti vya plastiki usitie mkono, tumia fagio, kwa sababu ya yule wa alama ya machungwa. Vile vijipira vyenye vijimiba ukivikuta, vikandamize kwa ufagio na uvitupe. Kwa huyo sina huruma.

*Kazi na pesa.* Fagio la mpini mrefu lenye kichwa cha mviringo, au kanga kuukuu iliyofungwa kwenye ufagio wa kawaida. Zungusha kama unayevingirisha tambi kwenye uma; ukipangusa tu unaupaka utando ukutani na rangi nyeupe inabaki na michirizi. Nyumba za kupanga zenye dari ya mbao nyembamba zilizopakwa chokaa ndizo zinazosumbua, kwa kuwa ukisugua chokaa inakudondokea.

*Muda.* Buibui aliyepokonywa utando anaweza kutanda mwingine usiku ule ule. Lakini kutanda kunamgharimu: uzi ni protini, na Julai chakula ni haba. Ukirudia kila wiki kwa mwezi mmoja, wengi watahamia mahali wasiposumbuliwa.

*Amani ya nyumba.* Kwa macho ya mgeni, hii ndiyo yenye faida ya haraka. Mama mkwe akija, hakuna atakayemweleza kuhusu thamani ya buibui kwa mazingira. Nyumba yenye tando husomwa kama nyumba ya mvivu, na mimi sitaki kesi hiyo.

Inawafaa karibu wote, peke yake au pamoja na njia nyingine, ila wazee wasiotakiwa kupanda stuli.

Njia ya nne: kupiga dawa

Sitaidharau njia hii kwa sababu tu mimi siipendi. Kuna nyumba ambamo ndiyo inayostahili.

*Wadudu wengine.* Dawa ya kopo humwua buibui ikimpata moja kwa moja. Ile inayobaki ukutani humpata kwa shida kuliko inavyompata mende, kwa kuwa mende huburura tumbo na kujilamba miguu, ilhali buibui hutembea kwa ncha za miguu, na wa miguu mirefu ananing'inia hewani wala hagusi ukuta. Ndiyo maana wengi hulalamika kwamba wamepuliza na bado wapo. Kwa upande mwingine, ikiwa tatizo lako la kweli ni mende au kunguni, dawa iliyopigwa na fundi anayejua kazi itakuondolea chakula cha buibui, na buibui watapungua wenyewe. Hapo inakuwa na maana.

*Usalama.* Hapa msimu wa baridi unabadilisha hesabu. Makopo mengi yana kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga pareto, ua ambalo Kenya iliwahi kuongoza duniani kulizalisha, kutoka mashamba ya Nakuru, Nyandarua na Kisii. Kwa binadamu si kali ukifuata maelekezo. Lakini kufuata maelekezo ni kutoka chumbani na kufungua madirisha, na nani anafungua madirisha saa tatu usiku mwezi wa Julai? Tunapuliza, tunafunga, tunalala humo humo na watoto wenye kikohozi. Kwa paka ni hatari zaidi, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuzivunja baadhi ya kemikali hizo, hasa permethrini. Samaki wa tangi hufa haraka. Lifunike na kuzima pampu ya hewa kabla ya kupuliza. (Nikishafika kwenye madirisha: jiko la makaa lisilale ndani na madirisha yamefungwa. Hilo linaua watu, si buibui.)

Nunua dawa yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu, wala si ile ya chupa ya soda isiyo na jina. Mwaka juzi jirani yangu aliuziwa ya chupa na mchuuzi wa njiani. Nyumba ilinuka wiki nzima na macho ya watoto yakavimba, huku mende wakipita sebuleni kama kawaida.

*Kazi na pesa.* Kopo ni shilingi mia kadhaa na dakika tano. Fundi wa kupiga dawa nyumba nzima ni maelfu, na unahamisha vyombo vyote vya jikoni.

*Muda.* Kopo: siku kadhaa. Fundi: wiki hadi miezi, kutegemea dawa na kutegemea jirani zako. Kwenye nyumba za kupangana ukuta kwa ukuta, ukipiga peke yako wadudu wanatembea kwa jirani na kurudi baadaye.

*Amani ya nyumba.* Kwa mwenye hofu kali, ni kubwa na ya papo hapo. Mume wangu analala vizuri akijua kopo liko kabatini, hata kama halijatumika.

Inawafaa wenye mlipuko wa mende au kunguni, na waliogundua kiota cha yule wa alama ya machungwa mahali watoto wanapochezea. Kumpulizia buibui mmoja wa dari chumba kizima ni matumizi mabaya ya dawa.

Linaloenda na njia yoyote

Punguza chakula na buibui watajipunguza. Taa nyeupe ya kibarazani inayowaka usiku kucha ndiyo inayowakusanya nondo na mbu mlangoni kwako. Weka ya njano, au izime. Wavu wa dirishani usiwe na tundu. Mfereji wa bafu usafishwe ule utelezi wa ndani, maana vijinzi huzaliana humo. Maganda ya chungwa na majani ya mnanaa nimeyajaribu kwa mwezi mzima: nyumba ilinukia vizuri, na buibui akatanda juu ya bakuli la maganda.

Kwa hali yako

Ukiwa unaishi peke yako kwenye chumba kimoja na huna hofu, mwache mmoja wa dari na ufagie tando kuukuu mara moja kwa mwezi. Ukiwa na mtoto mchanga, usipulize chochote chumbani kwake. Fagia juu ya kitanda, na chandarua kitafanya mengine. Mwenye pumu nyumbani afanyiwe kazi ya kufagia na mtu mwingine, dirisha likiwa wazi, adhuhuri jua linapotoka kidogo. Mwenye paka au samaki asahau kopo.

Ukiwa na hofu ya buibui ambayo ni ya kweli, usijilazimishe njia ya kwanza kwa sababu umesoma kwamba ni wema. Mwombe mtu akuhamishie, na wewe shughulikia taa na wavu ili wasirudi upesi. Mwenye nyumba za kupangisha anayeandaa chumba kwa mpangaji mpya afagie kila kona na kupaka rangi. Dawa apige akiona mende, si akiona utando. Na kama mna mende kweli, jikoni gizani ukiwasha taa wakatawanyika, basi buibui wa dari si shida wala dawa yao. Mwiteni fundi na mkubaliane na jirani zenu mpige siku moja.

Kwetu tuligawana nyumba. Kibarazani na stoo wanaachwa. Chumba cha watoto kinafagiwa kila Jumamosi. Wa msalani wanahamishwa chini ya ngazi, na kopo la mume wangu limebaki kabatini. Wiki mbili baada ya yule wa kwanza kuhama, mwingine alichukua kona ile ile, mdogo zaidi. Binti yangu alimtazama kwa muda, akaniita, na safari hii hakuuliza lini atatolewa. Aliuliza kama huyu naye anakula vijinzi.